Nisimame wapi mashine inapowaka? Jibu kwa muuguzi wa thieta wa Moshi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali mojawapo hapa Moshi. Tangu tulipoletewa mashine ya eksirei ya kusukumwa, ile yenye mkono uliopinda ambayo thieta tunaiita si-amu, nasaidia upasuaji wa mifupa karibu siku tatu kila wiki. Aproni za risasi, yale madini mazito yanayozuia mionzi, ni nne, na sisi chumbani huwa sita au saba. Mbili kati ya hizo zimechakaa. Beji ya kupimia mionzi ninayo, lakini tuliambiwa tuzifungie kabatini zisipotee. Wenzangu wanasema nikisimama nyuma ya daktari inatosha, na kwamba nikinywa maziwa jioni mionzi hutoka mwilini. Nina ujauzito wa wiki kumi na mume wangu anataka niombe kuhamishwa. Je, niombe? Na nikibaki, nijikinge vipi?

JIBU: Marahaba, dada muuguzi, na hongera kwa ujauzito. Nitaanza na lile linalomsumbua zaidi mumeo, kisha nieleze kwa nini nimejibu hivyo. Kwa maelezo uliyonipa sioni sababu ya kukuambia uhame leo. Hata hivyo hupaswi kuingia tena chumbani wakati mashine inawaka kabla beji yako haijatoka kabatini, kabla hujapata aproni isiyo na nyufa, na kabla kiongozi wako wa kitengo hajajulishwa kwa maandishi kwamba wewe ni mjamzito. Mambo hayo yanaweza kutimizwa ndani ya wiki moja katika hospitali yoyote yenye nia, na hakuna hata moja linalodai fedha nyingi. Baada ya hapo tutafuata vipimo.

Wengi wanaofanya kazi thieta huogopa kile kichwa kikubwa kinachoelea juu ya mgonjwa, ilhali hicho aghalabu ndicho kipokezi cha picha, ambacho hakitoi mionzi yoyote. Mionzi hutoka kwenye tyubu iliyo ncha ya pili ya mkono, kwa kawaida chini ya meza. Daktari anapokanyaga pedali, tyubu hutoa mwale mwembamba unaopanda, ukapenya meza na nyonga ya mgonjwa, kisha ukaishia kwenye kipokezi. Kati yenu hakuna aliyesimama ndani ya mwale huo, isipokuwa labda mkono wa daktari. Kinachowafikia ninyi ni mionzi iliyogonga nyama na mifupa ya mgonjwa, ikapoteza mwelekeo wake na kutawanyika kila upande. Kwa hiyo mgonjwa ndiye taa ya chumba hicho: kadiri anavyomulikwa zaidi, ndivyo naye anavyowamulika ninyi.

Ukilishika hilo, mengi unayoyaona kila siku yatapata maana. Mgonjwa mnene, au sehemu nene ya mwili kama nyonga na uti wa mgongo, huwatawanyia mionzi mingi kuliko kifundo cha mkono, kwa kuwa mashine yenyewe hujiongezea nguvu mpaka picha ionekane. Upande ambao mwale unaingilia mwilini hutawanya zaidi kuliko upande unaotokea, maana unapotokea umekwisha kudhoofishwa na mwili. Na pedali ikiachwa, mionzi inakoma papo hapo. Haibaki hewani, haishiki kwenye mashuka wala kwenye vifaa, na wewe huwezi kurudi nayo nyumbani kwa watoto. Nimekuta mahali wanafungua madirisha baada ya kila upasuaji ili mionzi itoke. Hewa safi ni njema, lakini haina kazi hiyo. Maziwa nayo yanamfaa mama mjamzito, basi yanywe kwa sababu hiyo, kwa kuwa mionzi ya eksirei haikai mwilini hata ipate kutolewa: iliyoyafanya kwenye seli imeyafanya katika sehemu ndogo ya sekunde na kupita.

Sasa tupige hesabu, kwa tarakimu za mfano ambazo haziko mbali na hali ya upasuaji wa kawaida wa nyonga. Tuchukulie kwamba ngozi ya mgonjwa inapokea miligrei 20, kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili, kwa kila dakika ambayo mashine inawaka, na kwamba upasuaji mmoja unatumia dakika mbili za kuwaka kwa jumla. Mgonjwa atakuwa amepokea miligrei 40. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wanafizikia wa tiba ni kwamba mtu aliyesimama mita moja kutoka kwa mgonjwa hufikiwa na takriban sehemu moja kwa elfu ya kiwango hicho, yaani miligrei 0.04, ambayo kwa mionzi ya eksirei tunaweza kuihesabu kuwa milisiveti 0.04, milisiveti kikiwa kipimo cha uwezo wa mionzi hiyo kumdhuru mtu. Ukisaidia upasuaji wa namna hiyo mara tatu kwa wiki, kwa mwaka ni kama mara 150, na jumla inakuwa milisiveti 6 kwa mtu asiyevaa chochote. Akivaa aproni nzima yenye kinga sawa na milimita 0.5 za risasi, ambayo huzuia zaidi ya asilimia 95 ya mionzi inayotawanyika, kiwiliwili chake kitapata pungufu ya milisiveti 0.3 kwa mwaka mzima. Kwa kulinganisha, binadamu wa kawaida duniani hupata wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka kwenye ardhi, chakula, hewa na anga, bila kuingia hospitali yoyote. Na sisi wa kanda hii tunajua kwamba hata fosfeti ya Minjingu, ile ya kutengenezea mbolea, ina urani yake ya asili.

Lakini badilisha jambo moja tu katika hesabu hiyo, nalo ni umbali. Mionzi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: ukienda mara mbili mbali zaidi, unapata robo, ukienda mara nne, unapata sehemu moja ya kumi na sita. Yule aliyepata milisiveti 6 akiwa mita moja, angepata milisiveti 24 kama angesimama nusu mita kutoka kwa mgonjwa, na milisiveti 1.5 kama angerudi mpaka mita mbili. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, ukihesabiwa katika miaka mitano, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote mmoja. Unaona basi kwamba kwa macho, ambayo aproni haiyafuniki, hatua moja ya mguu inaweza kumweka mtu upande huu au ule wa kikomo. Ndiyo maana mimi huwauliza watu wanasimama wapi kabla ya kuwauliza wanavaa nini.

Wenzako wanaosema usimame nyuma ya daktari hawajakosea kabisa, kwa sababu mwili wake pamoja na aproni yake hukukinga kwa kiasi. Tatizo ni kwamba daktari haketi kama ukuta. Anainama, anageuka kutazama skrini, anapisha mwenzake, na kinga yako inaondoka pamoja naye bila wewe kujua. Zaidi ya hayo, ukitegemea kivuli chake utalazimika kukaa karibu na mgonjwa kuliko inavyohitajika. Kama siku hiyo wewe ndiye unayezunguka kuleta vifaa, huna sababu ya kuwa ndani ya mita mbili wakati pedali inakanyagwa; leta kifaa, kikabidhi, rudi. Kama umevaa gauni safi na unampa daktari vyombo, hutaweza kwenda mbali, lakini hata hapo hatua moja kurudi nyuma kabla ya kila picha inapunguza dozi yako, yaani mionzi unayopokea, kwa zaidi ya nusu, mradi meza yako ya vyombo ipangwe tangu mwanzo upande unaoruhusu hatua hiyo.

Na upande una maana yake. Mashine inapogeuzwa kupiga picha ya ubavu, tyubu huja upande mmoja wa meza na kipokezi upande wa pili, na hapo walio upande wa tyubu hupokea mionzi mingi zaidi kuliko walio upande wa kipokezi. Mara nyingi thieta huwekwa kwa mazoea, mashine ikaingizwa palipo na nafasi, na mtu akajikuta kila siku yuko upande mbaya bila yeyote kuwa amekusudia. Mwulize mteknolojia wenu wa mionzi, kabla mgonjwa hajaingizwa, tyubu itakuwa wapi kwa picha ya ubavu, kisha meza ya vyombo ikae upande wa pili. Mtoa usingizi naye akumbukwe, kwa maana yuko kichwani pa mgonjwa kwa saa nzima na mara nyingi husahauliwa hata katika kugawa aproni. Akipata ngao ya kusimama yenye magurudumu, au akirefusha mipira yake ili akae mbali kidogo, amepona. Wanafunzi, ambao kwa Moshi hawakosekani chumbani, wapunguzwe au wasimame ukutani wakitazama skrini, kwa kuwa wanachokuja kujifunza kinaonekana vizuri zaidi pale kuliko begani pa daktari.

Kuhusu pedali nitasema kwa uwazi zaidi, kwa sababu hapo ndipo dozi ya chumba kizima huamuliwa, na muuguzi hana mamlaka juu yake ingawa anaathirika nayo. Mashine nyingi za sasa hubakiza kwenye skrini picha ya mwisho iliyopigwa, kwa hiyo daktari anaweza kuitafakari picha hiyo kwa muda wote anaotaka bila mguu kuwa kwenye pedali. Nyingi pia zinaweza kupiga kwa mapigo badala ya mfululizo: ukishusha kutoka mapigo 15 kwa sekunde hadi 7.5, dozi huenda ikapungua karibu nusu, na kwa kazi ya kuunga mfupa, ambao hautembei kama moyo, picha inatosha kabisa. Uga wa mionzi ukibanwa uonyeshe tu sehemu inayofanyiwa kazi, mgonjwa anamulikwa eneo dogo na ninyi mnapata mtawanyiko mdogo, tena picha yenyewe huwa safi zaidi. Kipokezi kishushwe karibu kabisa na mwili wa mgonjwa, na tyubu iwe mbali na ngozi yake. Tyubu isigeuzwe juu bila sababu ya lazima, kwa kuwa hapo mtawanyiko mkubwa huelekea kwenye nyuso na shingo zenu badala ya miguuni. Kukuza picha nako huongeza dozi, kwa hiyo kusiwe mazoea. Kengele ya dakika tano iliyomo kwenye mashine imewekwa ili mtu ajue muda uliokwisha tumika. Mahali pengi nimeona inazimwa kwa kidole bila hata kusomwa, na hilo ni jambo ambalo mteknolojia anapaswa kulikataa.

Mambo yote niliyoyataja yanamkinga mgonjwa kwanza, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kulizungumza bila kuonekana unamfundisha daktari bingwa kazi yake. Pendekeza, kupitia muuguzi kiongozi, kwamba katika yale maswali mnayosomeana kabla ya kukata ngozi yaongezwe mawili: nani anakanyaga pedali leo, na je, kila aliye chumbani amevaa aproni na beji. Kisha mkubaliane kwamba anayekanyaga atasema neno moja la kutangulia kila mara, hata kama ni «mionzi» tu, ili anayetaka kurudi nyuma arudi. Sijapata kuona daktari aliyekasirika kwa kuambiwa kwa adabu, «Daktari, tunaomba sekunde moja tusogee.»

Mikono ya daktari ina habari yake. Katika miaka ya mwanzo baada ya Wilhelm Röntgen kugundua eksirei mwaka 1895, mafundi walizijaribu tyubu zao kwa kutazama mifupa ya mikono yao wenyewe; Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alipata vidonda, saratani na kukatwa mikono kabla ya kufariki mwaka 1904. Leo hakuna anayefanya hivyo kwa makusudi, lakini wakati wa kutafuta tundu la skrubu ya mwisho kwenye chuma kilichoingizwa ndani ya mfupa, vidole vya daktari au vya msaidizi aliyeshika mguu huingia ndani ya mwale bila kukusudiwa. Hapo ni mwale wenyewe, wenye nguvu mara nyingi kuliko mtawanyiko. Glovu za risasi hazisaidii zikiwa ndani ya mwale, kwa sababu mashine inaona kitu kizito, inaongeza nguvu ili ipenye, na dozi ya kila mtu inapanda, mgonjwa akiwemo. Dawa ni kushika kwa koleo au kwa kishikio kirefu, na kutoa mkono kabla ya kukanyaga. Itakufaa pia kujua kwamba chuma cha SIGN, ambacho madaktari wa mifupa wa Tanzania wanakifahamu sana, kilibuniwa na shirika la Marekani kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine kama yenu: kina mkono wa kuelekeza skrubu bila picha. Kuwa na si-amu chumbani hakumlazimishi mtu kuitumia kwa kila hatua ambayo jana ilifanyika bila hiyo.

Sasa aproni. Kwamba ni nne kwa watu saba ni upungufu, lakini wenye kulazimika kuwa karibu na meza kwa kawaida ni watatu au wanne, na wengine watoke au warudi nyuma ya ngao. Zile mbili zilizochakaa ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa aproni iliyopasuka ndani kwa nje yaweza kuonekana nzima. Kinachoziua ni kukunjwa na kutupwa juu ya kiti. Mpira wenye risasi hukatika palepale unapokunjwa. Mteknolojia anaweza kuzikagua zote kwa mchana mmoja kwa kuzitandaza kwenye meza ya eksirei na kuzitazama kwa mionzi: ufa huonekana kama mstari mweupe au mweusi, kutegemea jinsi skrini ilivyopangwa. Ufa mdogo pindoni mwa chini si sawa na mpasuko ulio usawa wa tumbo au kifua. Huo wa pili unaifanya aproni isifae kuvaliwa, na iandikwe hivyo kwa wino usiofutika ili mtu mwingine asije akaivaa keshokutwa. Zilizo nzima zipewe namba, zitundikwe kwenye kiango kipana, na ukaguzi urudiwe kila mwaka.

Kwa wewe unayegeuka mara kwa mara kuchukua vyombo, aproni ya mbele tu ina tundu kubwa: kila unapompa mgonjwa mgongo, huna kinga. Iliyo bora ni ile inayozunguka mwili, au ya vipande viwili, kizibao na sketi, ambayo mkanda wake hupeleka uzito kiunoni badala ya mabegani. Kwa mjamzito uzito huo si jambo dogo, na mgongo ukiuma husikii tena ushauri wa mtu yeyote. Nyingi za namna hiyo huwa na milimita 0.25 kila upande, na zinapopishana mbele hufikia 0.5. Usivae aproni mbili, moja juu ya nyingine, kwa kudhani unamkinga mtoto maradufu. Aproni moja nzima imekwisha kuondoa karibu mionzi yote inayoweza kuondolewa, na ya pili itakuchosha tu.

Shingo ifunikwe kwa kola ya risasi, hasa kwa vijana, kwa kuwa tezi ya thairoidi ya mtu mwenye umri mdogo huathirika upesi zaidi.

Macho yanastahili maneno zaidi, maana ndiko elimu ilikobadilika. Zamani tuliamini kwamba lenzi ya jicho inastahimili mionzi mingi, na kikomo chake kilikuwa milisiveti 150 kwa mwaka. Kisha miaka ya 2008 na 2009, huko Bogotá na Montevideo, wataalamu wakisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu walichunguza macho ya madaktari wanaotibu moyo kwa kutazama picha, pamoja na wauguzi na mafundi wao. Ukungu wa nyuma ya lenzi, ambao ni aina ya mtoto wa jicho inayohusishwa na mionzi, ulionekana kwa asilimia 38 ya madaktari na asilimia 21 ya wauguzi na mafundi, wakati kwa watu wasiofanya kazi hiyo ulikuwa asilimia 12. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilishusha kikomo cha jicho kutoka 150 hadi 20. Angalia kwamba wauguzi wamo katika idadi hiyo, na kwamba upasuaji wa moyo kwa njia ya mshipa huwasha mashine kwa muda mrefu kuliko wa mifupa, kwa hiyo usijihesabie asilimia zao. Miwani ya risasi ni ghali na mingi huacha wazi upande wa pembeni, ambako mionzi hupitia unapogeuza uso kutazama skrini. Kama hospitali yenu ina fedha ya kitu kimoja tu, mimi ningechagua ngao ya kioo ya kusogezwa kati ya mgonjwa na watu, ambayo hulinda nyuso za wote, kabla ya jozi moja ya miwani atakayoivaa daktari peke yake. Na skrini iwekwe mahali ambapo mtu anaitazama bila kugeuza kichwa.

Beji kufungiwa kabatini ni kosa ambalo sitalizungukia. Ndani yake mna chembe ndogo ya madini, aghalabu lithiamu floridi, inayohifadhi nishati ya mionzi. Ikipelekwa maabara ikapashwa moto hutoa mwanga, na kiasi cha mwanga huo ndicho kinachotafsiriwa kuwa dozi yako. Beji iliyokaa kabatini hupima dozi ya kabati. Majibu yake yatarudi mazuri, hospitali itayaweka kwenye faili, na kila mtu ataamini kwamba thieta yenu ni salama kwa ushahidi ambao haupo. Huduma hiyo ya kupima hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, ambayo ina maabara zake Njiro hapa Arusha, kilomita 80 hivi kutoka Moshi, na ndiyo inayotoa leseni za mashine za eksirei na kuzikagua. Ivae beji kila unapoingia na uivue unapotoka, isifuliwe pamoja na nguo, asiivae mwenzako, na isibaki ikining'inia kwenye aproni ndani ya chumba. Anayevaa aproni kwa desturi huvaa beji moja chini yake, kifuani au kiunoni, na ikipatikana ya pili huwekwa nje, kwenye kola, ili kukadiria dozi ya macho. Ukiwa na moja tu, mahali ulipoivaa paandikwe na pasibadilike, kwa kuwa maabara haiwezi kujua yenyewe kama namba kubwa imetoka juu ya aproni au chini yake. Majibu nayo ni haki yako kuyaona. Omba uonyeshwe na utie saini.

Nirudi kwenye ujauzito. Mapendekezo ya kimataifa hayamtaki mjamzito aache kazi ya mionzi. Yanataka mwajiri, akishajulishwa, apange kazi hiyo ili mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa kipindi chote kilichobaki. Madhara kama ya kuharibika kwa viungo au ubongo hayajathibitika chini ya miligrei 100, mara mia moja ya kiwango hicho. Nafahamu kwamba unaloliwaza si wiki zijazo tu bali zile kumi zilizopita, ambazo hazina kipimo. Tutumie hesabu ile ya mwanzo: upasuaji mara 30, mita moja kutoka kwa mgonjwa, bila aproni kabisa, ni milisiveti 1.2 juu ya ngozi ya tumbo, na mtoto aliye ndani hupata karibu nusu ya hiyo. Hata kama ulisimama nusu mita siku zote bila aproni, ngozi ingepata 4.8 na mtoto takriban 2.4, mbali sana na 100. Kama mashine yenu inahifadhi muda wa kuwaka kwa kila mgonjwa, mteknolojia anaweza kukupigia hesabu hii kwa tarakimu zenu halisi, na mumeo akaiona.

Kwa miezi iliyobaki, omba beji ya pili ya kuvaliwa usawa wa tumbo chini ya aproni, na isomwe kila mwezi badala ya kusubiri mzunguko wa kawaida. Kwa mtu mwenye aproni nzima anayerudi nyuma kabla ya picha, mara nyingi jibu huwa dogo kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo. Mwezi wowote likizidi milisiveti 0.1, usiingie kwenye orodha inayofuata ya upasuaji mpaka sababu ijulikane, iwe ni ufa kwenye aproni, upande wa tyubu au beji iliyosahauliwa chumbani. Na kama hadi orodha ya wiki ijayo hospitali itakuwa haijakupa aproni iliyokaguliwa na beji unayoivaa, basi mumeo ana haki: andika barua kwa muuguzi kiongozi, nakala kwa msimamizi wa kinga ya mionzi, uombe kupangiwa thieta isiyotumia si-amu mpaka utakapojifungua, na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri.